Karatasi Imejuaje?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa hapa ili wanafunzi walisome tena pamoja na mwalimu wao.

Vitu vya kuweka tayari: ubao na chaki, vikombe viwili, punje mbili za mahindi na punje mbili za maharagwe.

Natumaini taa inawaka vizuri na kila mmoja amepata mahali pa kukaa. Ninyi mliosikiliza somo hili redioni, sasa mtalisoma wenyewe kwa macho yenu. Msiharakishe. Mkikuta neno gumu, litazameni mwishoni, nimelieleza hapo.

Somo la leo linahusu damu, urithi, na kazi inayofanywa ndani ya maabara. Mimi si daktari. Nilisoma chuo kikuu nikapata diploma ya elimu, na kazi yangu ni shule na madarasa kama hili lenu. Lakini siku moja niliulizwa swali nikashindwa kulijibu, nikaona aibu. Kwa sababu ya swali hilo nilikwenda maabara, nikaomba nionyeshwe. Niliyoonyeshwa ndiyo nitakayowaeleza.

1. Swali la shemeji

Dada yangu alizaa mtoto wa kwanza, akafariki akiwa na miaka miwili. Akazaa wa pili. Huyu naye, alipofika miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikavimba. Kila baada ya muda alipata homa, macho yakawa ya manjano, na usiku alilia kwa maumivu ya mifupa. Alipotimiza miaka mitatu damu ilimpungua sana, akakimbizwa hospitali moja, akaongezewa damu, akapona kwa siku zile.

Wiki mbili baadaye wazazi walimpeleka hospitali nyingine, wakamwomba daktari atafute chanzo. Damu ya mtoto ikapimwa. Karatasi ikarudi imeandikwa herufi mbili: AS. Wakaambiwa kwamba mtoto anabeba alama ya ugonjwa wa selimundu, lakini hana ugonjwa wenyewe.

Mnaweza kufikiri yaliyofuata. Wazee wa upande wa baba walisema, "Ikiwa ugonjwa wa damu hana, basi huu ni mkono wa mtu." Na mkono waliouona ni wa mama yetu, bibi yake mtoto. Mama yetu akakatazwa kukanyaga nyumba ile. Dada yangu akawa analala na nguo zake zimefungwa katika mzigo, akingoja kurudishwa kwao.

Kisha daktari mwingine akauliza swali dogo ambalo hakuna aliyeliuliza mwanzo: "Mtoto huyu aliongezewa damu lini?" Alipojibiwa, akasema karatasi ile haifai. Akaagiza mtoto, baba na mama wapimwe upya kwa njia nyingine, njia ya kusoma DNA yenyewe. Karatasi ya pili ikaja: mtoto SS, baba AS, mama AS.

Shemeji alizikunjua karatasi zote mbili mezani mbele yangu. Akasema, "Shemeji, wewe ndiwe mtu wa elimu. Karatasi ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile. Nitaamini ipi? Hii ya pili imejuaje?"

Mimi nilikaa kimya. Basi, leo tujibu swali lake.

2. Herufi moja tu

Mwili wa mtu umejengwa kwa vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli. Ndani ya karibu kila seli umo uzi mrefu, mwembamba mno, uliojikunja. Uzi huo ndio DNA. Kwa Kiswahili huitwa pia vinasaba, kwa maana ndani yake mna nasaba, yaani habari tulizorithi kwa wazazi.

Uzi huu ni maandishi. Sisi tunaandika Kiswahili kwa herufi zaidi ya ishirini. DNA huandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Lakini ni maandishi marefu: nakala moja ya mtu ina herufi kama bilioni 3. Na kila mtu ana nakala mbili, moja ameipata kwa baba na moja kwa mama.

Ninyi mnaojifunza kusoma mnajua vizuri kwamba herufi moja si kitu kidogo. Mwalimu, andika ubaoni: "Mama anapika kuku." Sasa futa herufi k katika neno "anapika", uweke g. Someni tena. "Mama anapiga kuku." Umebadilisha herufi moja tu, na chakula kimekuwa ugomvi.

Hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa wa selimundu. Katika sehemu moja ya uzi wa DNA yamo maagizo ya kutengeneza himoglobini, yaani kile kitu chekundu kinachochukua hewa safi katika damu. Mahali fulani katika maagizo hayo watu wengi wameandikiwa hivi:

CCTGAGG

Lakini baadhi ya watu wameandikiwa hivi:

CCTGTGG

Tazameni vizuri. Herufi ya tano imebadilika. Palipokuwa na A, sasa pana T. Nakala iliyo sawa tunaiita A kwa kifupi, na nakala iliyobadilika tunaiita S. (Herufi A hii ni jina la aina ya himoglobini, msiichanganye na herufi A ya kwenye uzi.)

Mwenye nakala mbili zilizo sawa ni AA. Mwenye moja sawa na moja iliyobadilika ni AS: huyu hubeba alama tu, na kwa kawaida haumwi. Mwenye nakala mbili zilizobadilika ni SS: huyu ndiye mgonjwa. Himoglobini yake, hewa inapopungua, hushikamana kama vijiti, na seli nyekundu, iliyokuwa mviringo na laini, hujipinda ikawa kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana ikaitwa seli-mundu. Seli za namna hii huziba njia ndogo za damu, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena hazidumu. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mgonjwa huyu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo damu humpungukia daima.

3. Kwa nini karatasi ya kwanza ilikosea

Kipimo cha kwanza hakikusoma maandishi. Kilitazama himoglobini yenyewe, ile iliyokwisha tengenezwa. Ni kipimo kizuri, na mpaka leo hospitali nyingi hutumia kipimo cha namna hiyo. Lakini mtoto yule alikuwa ameongezewa damu. Mishipani mwake mlikuwa na damu yake yenye S, na damu ya kuazima yenye A. Mashine ikaona A, ikaona S, ikaandika AS. Mashine haikusema uongo. Aliyekosea ni aliyepima bila kuuliza habari za mgonjwa.

DNA haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Seli nyekundu zilizokomaa hazina DNA ndani yake. DNA hutolewa katika seli nyeupe, na seli nyeupe za mtoto karibu zote ni zake mwenyewe, hazikuazimwa kwa mtu. Kwa sababu hiyo daktari aliagiza maandishi yasomwe.

4. Kuutoa uzi na kuunakili

Mtaalamu wa maabara, kijana mpole sana, alinikaribisha na kunivalisha koti jeupe na glavu. Akasema, "Usiguse kitu kabla sijakwambia." Nikatii.

Kazi ya kwanza ni kuutoa uzi katika seli. Kwa jambo hili maabara haitofautiani sana na jikoni. Hutumika dawa ya jamii ya sabuni kupasua ngozi ya seli, kama sabuni inavyoondoa mafuta katika sufuria. Hutumika chumvi. Mwisho hutiwa spiriti, na DNA hujitenga. Ikiwa nyingi huonekana kama nyuzi nyeupe za pamba iliyolowa.

Lakini katika herufi bilioni 3, sisi tunataka kusoma mahali padogo sana. Ni kama kutafuta neno moja katika chumba kilichojaa vitabu. Basi wataalamu hufanya hivi: hukinakili kipande kile kidogo wanachokitaka, mara nyingi mno, mpaka kiwe kingi kupita vingine vyote. Njia hii huitwa PCR. Aliyeibuni ni Mmarekani Kary Mullis, mwaka 1983, na mwaka 1993 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Na makala ya kwanza kuonyesha njia hii ikitumika, iliyotoka mwaka 1985, ilihusu ugonjwa huuhuu wa selimundu.

Hufanyika hivi. Uzi wa DNA una nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kama kamba ya ukili. Mashine huipasha moto DNA mpaka nyuzijoto 95 hivi, na nyuzi mbili huachana. Kisha joto hupunguzwa, na vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi huja kushika mwanzo na mwisho wa mahali tunapopataka. Kisha joto hupandishwa tena kidogo, na kimeng'enya hujenga uzi mpya juu ya kila uzi wa zamani. Kilichokuwa kimoja kimekuwa viwili. Huo ni mzunguko mmoja. Mashine hurudia: viwili vikawa vinne, vinne vikawa vinane.

Mwalimu, hapa simamisha darasa mpige hesabu. Anzeni na 1, mzidishe kwa 2 mara kumi. Mtapata 1,024. Mkiendelea mpaka mara thelathini mtapita bilioni moja. Mashine humaliza kazi hiyo kwa saa mbili au tatu.

Huenda mkauliza: je, kimeng'enya hicho hakiungui kwa joto lile? Hakiungui, kwa sababu asili yake ni bakteria wanaoishi katika chemchemi za maji ya moto huko Yellowstone, Marekani. Wamezoea joto tangu kuumbwa kwao.

5. Mkasi unaojua kusoma

Sasa tunacho kipande chetu, nacho ni kingi. Tutajuaje kama ndani yake pana A au T?

Hapa hutumika kimeng'enya cha aina nyingine, ambacho kazi yake ni kukata. Viko vingi, na kila kimoja hutambua neno lake tu. Bakteria huvitumia kujikinga, wakizikatakata DNA za virusi wanaowavamia. Wanasayansi watatu, Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 kwa kuvigundua na kuonyesha matumizi yake.

Kimoja katika mikasi hiyo hulitambua neno CCTGAGG. Kikilikuta, hukata. Kikikuta CCTGTGG, hupita bila kukata, kwani kwake hilo si neno lake.

Basi, tuseme kwa mfano kwamba kipande chetu kina urefu wa herufi 300, na neno letu liko mahali ambapo likikatwa hutoka kipande cha herufi 200 na kingine cha herufi 100. Nakala iliyo sawa itakatwa, itatoa vipande viwili. Nakala iliyobadilika itabaki nzima, herufi 300.

Tazameni jambo hili zuri: swali la kusoma herufi limekuwa swali la kupima urefu. Nasi tunaweza kupima urefu hata wa kitu kisichoonekana. Njia ya kuupima ndiyo inayoitwa elektroforesisi.

6. Jeli na umeme

Neno elektroforesisi ni refu, lakini maana yake ni fupi: kusafirisha vitu kwa nguvu ya umeme.

Kwanza hutengenezwa jeli. Watu wa pwani wanajua faluda, ile tamu inayogandishwa kwa agari. Agari hutoka katika mwani wa baharini. Jeli ya maabara hutengenezwa kwa agarosi, ambayo ni sehemu iliyosafishwa ya agari hiyo. (Mwani unaolimwa sana Zanzibar ni wa aina nyingine, hutoa kitu kingine cha kugandishia vyakula.) Unga wa agarosi, gramu moja au mbili katika mililita 100 za maji yenye chumvi maalumu, huchemshwa mpaka uwe maji maangavu. Humwagwa katika sinia ndogo, na upande mmoja husimamishwa chanuo. Jeli ikipoa huganda, chanuo huchomolewa, na meno yake huacha vishimo vidogo vilivyopangwa mstari mmoja.

Sinia huwekwa ndani ya sanduku la maji hayohayo ya chumvi, mpaka jeli ifunikwe. Kisha mtaalamu huchukua DNA kwa bomba dogo la kunyonyea na kuitia vishimoni, kila mtu kishimo chake. DNA haina rangi, kwa hiyo huchanganywa na rangi ya buluu na kitu kizito kidogo ili izame chini isielee. Mimi nilipewa rangi tupu nijaribu. Mkono ulitetemeka, nikaimwaga yote nje ya kishimo. Yule kijana alicheka akaniambia kwamba kila anayejifunza huanza hivyo.

Halafu umeme huwashwa, volti 100 hivi. Waya mweusi, yaani hasi, uko upande wa vishimo. Waya mwekundu, yaani chanya, uko upande wa pili. DNA ina umeme wa hasi, na hasi huvutwa na chanya. Basi vipande vyote hutoka vishimoni na kuanza safari kuelekea kwenye waya mwekundu.

Lakini jeli si maji matupu. Ndani yake ni kama kichaka cha mikoko, mizizi imepishana kila upande. Mfikirie mtoto mdogo, mtu mzima, na mtu aliyebeba miti mirefu begani, wote wakiambiwa wapite katika mikoko ile kwa muda mmoja. Mtoto atajipenyeza, atakuwa mbele. Mtu mzima atafuata. Mwenye miti mirefu atakwama hapa na pale, atabaki nyuma. Hivyo ndivyo ilivyo kwa DNA. Kipande kifupi huenda mbali, kirefu hubaki karibu na kishimo. Baada ya dakika 45 au saa moja umeme huzimwa, na vipande vimekwisha jipanga kwa urefu wake.

Bado havionekani. Jeli huwa imetiwa dawa inayong'ang'ania DNA na kung'aa inapopigwa na mwanga wa urujuanimno. Dawa ya zamani iliyotumika sana hung'aa rangi ya machungwa, lakini ni ya hatari, kwani inaweza kuharibu DNA ya mtu anayeigusa. Ndiyo sababu ya zile glavu, na siku hizi maabara nyingi hutumia dawa zisizo na hatari kubwa hivyo. Hata mwanga wenyewe hudhuru macho, hutazamwa kwa kukingwa na kioo maalumu.

7. Kusoma mistari

Yule kijana alizima taa ya chumba, akawasha mwanga wa urujuanimno. Gizani nikaona mistari midogo iking'aa, kama taa za ngalawa usiku baharini. Akaniambia, "Haya, mwalimu, soma."

Katika njia ya kwanza palikuwa na mistari mingi iliyopangana kama vipago vya ngazi. Hiyo ni ngazi ya kupimia: vipande ambavyo urefu wake unajulikana, 100, 200, 300 na kuendelea. Ndiyo rula yetu.

Njia zilizofuata zilikuwa za mfano, za watu wanaojulikana hali zao. Mwalimu, chora ubaoni.

AA: mistari miwili, kwenye 200 na kwenye 100. Nakala zote mbili zimekatwa.

SS: mstari mmoja tu, kwenye 300. Hakuna kilichokatwa.

AS: mistari mitatu, kwenye 300, 200 na 100. Nakala moja imekatwa, nyingine imebaki nzima.

Palikuwa pia na njia moja iliyotiwa maji matupu, na hiyo haikuwa na mstari wowote. Nikauliza faida yake. Akajibu, "Hiyo ndiyo shahidi wetu. Ikionyesha mstari, tunajua kwamba DNA ya mtu mwingine imeingia mahali isipotakiwa, na kazi yote ya siku hiyo tunaitupa." Akaongeza kwamba jambo analoliogopa zaidi ni kubandika jina la mtu juu ya chupa ya mtu mwingine. Jina likikosewa, jeli itasema kweli juu ya mtu asiye mwenyewe.

Kisha njia tatu za mwisho. Baba: mistari mitatu. Mama: mistari mitatu. Mtoto: mstari mmoja.

Sikuhitaji kuelezwa tena. Nilikuwa nimejua kusoma.

8. Walioanza kazi hii

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza katika jarida la udaktari mwaka 1910, na daktari James Herrick wa Chicago. Lakini katika Afrika watu waliujua kwa dalili zake tangu zamani, ingawa walikuwa na majina mengine.

Mwaka 1949, huko California, Linus Pauling na wenzake waliipitisha himoglobini katika umeme. Wakaona kwamba himoglobini ya wagonjwa haiendi sawa na ya watu wazima wa afya, na ya wabebaji ni mchanganyiko wa zote mbili. Miaka ya 1956 na 1957, Vernon Ingram huko Cambridge akaonyesha kwamba tofauti yote ni tofali moja tu lililobadilika katika jengo la protini.

Na mtu mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alijiuliza swali lingine: ikiwa alama hii huleta ugonjwa mbaya hivi, mbona watu wengi wanayo? Alipima watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Akaona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache katika nchi za juu zenye baridi. Hiyo ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 akatangaza kwamba mwenye AS hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Kwa hiyo alama hii si laana ya ukoo. Iliwaokoa babu zetu wengi wasife kwa malaria wakiwa wachanga, wakapata kuzaa, nasi tukapatikana.

9. Vikombe viwili

Sasa chukueni vile vikombe. Kikombe kimoja ni baba, kingine ni mama. Katika kila kikombe tieni punje moja ya mahindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni nakala sawa, haragwe ni nakala iliyobadilika. Wazazi wote wawili ni AS, wazima wa afya.

Fumba macho, toa punje moja katika kila kikombe. Huyo ni mtoto. Andikeni ubaoni, rudisheni punje, mtoe tena. Fanyeni hivyo mara arobaini. Mtaona kwamba mahindi mawili, yaani AA, hutoka kama mara kumi. Hindi na haragwe, yaani AS, kama mara ishirini. Maharagwe mawili, yaani SS, kama mara kumi.

Kwa hiyo, wazazi wawili wa AS wakizaa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mgonjwa. Angalieni, nimesema kila mtoto. Kikombe hakikumbuki kilichotoka jana. Mzazi asiseme, "Mmoja ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama." Na hakuna punje iliyotoka kikombe kimoja tu. Mtoto wa SS amepewa haragwe na baba, na haragwe na mama. Hakuna wa kumnyoshea mwenzake kidole.

10. Tufanye nini?

Katika Tanzania inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa kila mwaka na ugonjwa huu. Wengi wanaweza kukua na kusoma na kufanya kazi, ikiwa watajulikana mapema. Basi shikeni haya.

Kwanza, mtoto mwenye vidole vilivyovimba, macho ya manjano, upungufu wa damu na maumivu yanayorudi, apelekwe hospitali akapimwe selimundu.

Pili, mwambieni daktari kila mara kama mgonjwa ameongezewa damu, na lini. Msingoje kuulizwa.

Tatu, aliyejulikana kuwa SS afuate matibabu: asidi ya foliki, penisilini ya kukinga maambukizi kwa watoto wadogo mpaka watimize miaka mitano, kinga ya malaria, maji mengi ya kunywa, na kujikinga na baridi. Iko pia dawa iitwayo haidroksiyurea inayopunguza maumivu, nayo hutolewa kwa agizo la daktari tu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya kurekebisha DNA ya mgonjwa mwenyewe, lakini gharama yake bado ni kubwa mno.

Nne, vijana wanaotaka kuoana waweza kupima kabla, ili wajue vikombe vyao vina nini. Kujua si kukatazwa kuoana. Ni kuingia ndani ya nyumba na taa mkononi.

Tano, majibu ya DNA ni siri ya mwenyewe. Katika Tanzania iko sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana wajibu wa kuisimamia. Karatasi ya mtu isitangazwe sokoni.

Nilirudi kwa shemeji na kikombe kimoja mkononi, na kingine nikamwomba kwake. Tukakaa barazani, tukatoa punje. Alitoa mara nyingi bila kusema neno. Mwisho akaniambia, "Kumbe hata mimi nimempa." Nikamjibu, "Ndiyo, shemeji. Na dada yangu amempa. Wala hamkujua."

Kesho yake asubuhi alivaa kanzu akaenda kwa mama yetu. Waliyozungumza siyajui, kwani sikuwapo. Ninachojua ni kwamba jioni bibi aliingia nyumba ile amebeba kuku, na mzigo wa dada yangu ukafunguliwa. Mtoto yuko darasa la nne sasa. Hukosa shule siku nyingine, lakini anasoma, na kuandika anaandika vizuri kuliko mimi nilivyoandika umri ule.



Maneno mapya

Seli: chumba kidogo kabisa cha mwili kilicho hai.
DNA au vinasaba: uzi ndani ya seli wenye habari tulizorithi.
Himoglobini: kitu chekundu cha damu kinachochukua hewa safi.
Kimeng'enya: kitu kinachofanya au kuharakisha kazi fulani ndani ya kiumbe.
Agarosi: unga utokao katika mwani, hutengenezewa jeli.
Elektroforesisi: kutenganisha vitu kwa kuvisafirisha kwa umeme.
Urujuanimno: mwanga usioonekana kwa macho, unaoweza kuyadhuru.
Mbebaji: mwenye AS, asiyeumwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini karatasi ya kwanza iliandikwa AS?
2. Kwa nini DNA huelekea upande wa waya mwekundu?
3. Kipande kipi huenda mbali katika jeli, kifupi au kirefu? Kwa sababu gani?
4. Mtu ana mistari mitatu katika jeli. Ni AA, AS au SS?
5. Baba ni AA na mama ni AS. Tieni punje katika vikombe kwa hali hiyo, kisha mseme: je, wanaweza kupata mtoto wa SS?
6. Katika kijiji chenu, mtoto akiugua mara kwa mara, watu husema nini? Ninyi mtawaambia nini?